Kinu Kitupu cha Bibi

Siku hizi ukienda soko la mtaa wetu wa Buyenzi, sombe, yale majani ya muhogo, inasagwa kwa mashine. Unampa kijana majani yako, kelele kidogo, kazi imekwisha. Juzi nilisimama pale na mwalimu wangu wa zamani, mvi kichwa kizima, nikamkumbuka bibi yangu.

Bibi alikuwa na kisa kimoja ambacho sisi wajukuu tulishakichoka. Enzi za Wabelgiji, akiwa msichana, alikuwa katika vijana wa chama cha uhuru. Wakubwa wakikutana uani kwa siri, wasichana walikaa na vinu vyao barabara nzima. Aliyeona askari alitwanga mapigo mawili ya haraka, kimya, kisha moja zito. Nyumba inayofuata ikapokea, hadi mkutano ukatawanyika. "Bibi na uhuru wake!" tulimtania, naye akatutupia maganda ya vitunguu.

Vita vilipoingia mjini, mwalimu huyu alikimbilia kwetu, maana mtaani kwake watu wa kabila lake walikuwa wanauawa. Tulimficha chumba cha nyuma, na huko huko alinisahihishia hesabu.

Asubuhi moja bibi alikuwa anachagua mchele. Mwisho wa barabara kinu kikalia. Mawili, kimya, moja zito. Kikapokea kingine, karibu zaidi. Wallahi nilisisimka mwili mzima. Bibi aliruka kama msichana, akashika mchi.

"Bibi, unatwanga nini? Mu kinu hamuna kitu!"

"Nyamaza, we mutoto! Mwalimu, pita kwa nyuma, kwa jirani wamefungua!"

Na kweli, wale vikongwe tuliowajua kwa kulalamikia magoti walikuwa wamefungua milango ya nyuma, nyumba hadi nyumba. Vijana wenye mapanga walipoingia kwetu, bibi alikuwa anatia majani kinuni.

"Ni mi na mujukuu wangu tu," aliwaambia, akaendelea kutwanga.

Walipekua, wakaondoka. Tangu siku ile sikumtania tena. Nilikaa namtazama tu akinywa chai yake, nisiamini kwamba mtu yule mkubwa ndiye anayeniosha miguu.

Bibi hayupo, wenzake wote wamekwenda, na vinu vyao sijui viliishia jiko gani. Juzi, tukisubiri mashine, bila kufikiri niligonga meza ya muuzaji: mawili, kimya, moja zito. Soko zima hakuna aliyegeuka. Ila mwalimu alikuwa ameshaweka kikapu chini, anatafuta kwa macho njia ya nyuma.