Maandishi ya Mlangoni

Siku ya kwanza kazini nilipewa ufagio. Karakana ya kiwanda chetu, njia ya Pongwe hapa Tanga, ilikuwa na mashine za Kijapani ambazo nyingi zilikufa kwa kukosa vipuri. Enzi hizo hata sabuni tuliipangia foleni. Mhandisi Mkuu, Mjapani asiyependa maneno, alinikuta nimetupa ufagio, nachungulia kitabu cha mashine.

"Unasoma?"

"Natazama tu, bwana."

"Kutazama hapana. Kaa."

Kukaa kumenishinda maisha yangu yote, lakini nilikaa. Akanionyesha kuwa Wajapani huchanganya maandishi ya aina tatu. Hiragana ni ya mviringo, kila herufi silabi nzima: ka, ki, ku, ke, ko. Katakana ina pembe, silabi ni zilezile, ila ni ya maneno ya kigeni. Jina langu Saidi liliandikwa kwa hiyo. Halafu kuna kanji, alama zinazobeba maana. Ile ya gari, kuruma, ni kama mkokoteni uliotazamwa kutoka juu, ekseli imepita katikati. Kila mstari una zamu yake; ukikosea zamu, anafuta unaanza upya.

Sarufi ndiyo iliyonitia wazimu. Watashi wa ocha o nomimasu: mimi, chai, nanywa. Kijineno wa humtaja anayezungumziwa, o hushika kinachonywewa, na kitenzi huja mwisho. Hata kukanusha kunangoja huko huko. Mimi mwenye haraka nilikereka mpaka kichwa kikauma.

Kiwanda kikafungwa, Mhandisi akarudi kwao, soko huria likaingia. Nikaajiriwa Chumbageni, kwenye yadi ya magari ya mtumba. Wanunuzi walitaka gari lenye maandishi ya Kijapani mlangoni. Yakikosekana, walisema limeshachakazwa hapa hapa Tanga. Yanasema nini, hakuna aliyejali.

Siku moja tulinyoosha basi dogo lililowahi kupinduka, tukalipaka rangi, likawa jeupe tupu. Meneja Mauzo akaniita.

"Saidi, andika Kijapani hapo mlangoni."

"Niandike nini, bosi?"

"Chochote. Nani atajua?"

Maneno yale yaliniudhi. Nikashika brashi, nikafuata zamu ya mistari kama nilivyofundishwa: gari hili lilipinduka. Meneja akayasifu maandishi.

Haukupita muda akaja mjane wa Makorora aliyeuza shamba la minazi la marehemu mumewe ili anunue basi la kulishia wanawe. Alilizunguka lile jeupe, akalipenda. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nasikia wewe Kijapani wakijua. Hebu nisomee hapo."

Meneja alikuwa nyuma yake, anatabasamu. Nami nilikuwa na watoto, na mke mjamzito.

"Gari hili lilipinduka," nikasoma.

"Nani kaandika?"

"Mimi, mama."

Kabla ya adhuhuri sikuwa na kazi. Mama yule alikuwa ananisubiri getini.

"Twende yadi ya pili," akasema. "Ukanisomee ambayo hukuandika wewe."

Kuwasomea wanunuzi ndiyo kazi niliyostaafu nayo, maana hakuna yadi iliyonitaka tena. Vijana huniuliza kama ililipa. Wanangu walilala njaa, na hilo linaniuma hadi leo. Ningeulizwa tena pale mlangoni ningesoma, na ningeogopa vilevile.