Nenda na Jicho Linalouma

Nakumbuka siku niliyoona jicho la mdogo wangu Wangari likiwaka kijani, na mpaka leo, mwanangu, nikiisimulia mwili hunisisimka.

Wangari alikuwa akikata maua kwenye shamba moja la Naivasha, tukiishi chumba kimoja cha kupanga pale Karagita. Usiku walikuwa wakichoma salfa ndani ya grinhausi, zile nyumba za plastiki za kukuzia maua, kuua ukungu, na asubuhi wakataji ndio waliokuwa wa kwanza kuingia, moshi ungalimo. Kufikia saa nne macho ya Wangari yalikuwa mekundu, machozi yanatiririka. La kulia lilizidi. Alisema ni kama ametiwa mchanga.

Mama akaamua aende kwa daktari wa macho Nakuru. Sasa wewe unawajua watu wetu. Kwenda hospitali ni kama kwenda kanisani: unaoga, unapaka mafuta, unavaa nguo ya Jumapili, daktari asije akadhani umetoka kwa watu wachafu. Basi Wangari akaitwa kwanza nyumbani Njoro. Mama akamlaza kwenye chumba chenye giza, akamwosha macho kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Siku ya safari jicho lilikuwa jeupe, zuri kabisa.

Daktari, mzee mpole wa maneno machache, alimdondoshea jichoni dawa ya rangi ya machungwa, akazima taa, akammulika kwa mwanga wa buluu. Alitueleza kwamba mahali jicho limechubuka, rangi hunasa na kuonekana kijani. Hakuona kitu. Wangari akarudi kazini, maumivu yakarudi; tukaenda tena kwa daktari, tukiwa tumejitayarisha vilevile, na bado hakuona kitu.

Supavaiza akaanza kumwita mtoro, akamwonya kwamba akilalamika tena atafute kazi kwingine. Hilo Wangari alilivumilia. Kilichomuuma ni Mama.

"Kama kazi imekushinda, si useme tu," Mama alimwambia mbele yetu.

Halafu asubuhi moja wenzake wakanipigia simu: Wangari ametoka grinhausi akipapasa nguzo, haoni vizuri. Sikuwa na muda wa Njoro wala wa kubadilisha nguo. Nilimkimbiza Nakuru akiwa na gamboti zake, viatu vya mpira vyenye matope, nikiona aibu njia nzima, fikiria upumbavu huo.

Daktari akadondosha rangi, akamulika. Kisha akaniita nichungulie.

Nilishtuka nikashika meza. Jicho lote lilikuwa limejaa nukta za kijani, na katikati, pale anapoonea, doa kubwa. Hilo ndilo jicho tuliloambiwa ni zima. Mtoto wa watu alikuwa ametuambia ukweli wakati wote.

"Mbona siku zile halikuwa na kitu?" nikauliza.

"Mlikuwa mnalipumzisha kwanza?"

Nikamweleza vile Mama alivyofanya. Yule mzee mpole akapandisha sauti.

"Nani aliwaambia jicho linapigwa pasi ndio liletwe kwangu? Hii kitu inachubuka asubuhi, ukilala inaanza kupona. Rangi inanionyesha ya leo, hainionyeshi ya juzi." Akavua miwani. "Na mimi pia nilipaswa kuwauliza tangu mwanzo."

Alimtibu, akawa anamwita kumpima tena na tena. Kila mara nukta zilipungua, mpaka zikaisha. Lile doa la katikati lilipona likaacha kovu, na jicho hilo halijaona sawasawa tangu hapo. Mama alipoambiwa alikaa chini sakafuni. Kesho yake alimwomba binti yake msamaha, na mimi sijawahi kuona mzazi wa rika lake akifanya hivyo.

Kwa hivyo nisikilize, mwanangu. Ukiumia, nenda siku hiyohiyo unayoumia, na nguo za kazi hizohizo. Mwambie daktari ulikuwa wapi, ulifanya nini, na maumivu huja saa ngapi. Ukipimwa usipatikane na kitu, na maumivu yakarudi, rudi nawe. Na mwenzako akikwambia anaumwa, usimwite mwongo kwa sababu kipimo cha siku moja kilikuwa safi.

Mungu akulinde, akupe afya na kazi isiyokudhuru. Na siku utakaposema unaumia, akupe mtu wa kukuamini kabla hajaona.