Mmoja Anashika, Mmoja Anaenda Mbali

Enzi zetu, ukitaka jeshi, ulilifinyanga mwenyewe. Mimi na mdogo wangu Kiza tulitoka shule tukapitia mto Kalimabenge, tukachota udongo, tukarudi nao ndani ya ndoo ya mama ya kufulia, tukijua kabisa kwamba fimbo inatungoja. Kiza ndiye aliyefinyanga. Vidole vyake vilikuwa na akili kuliko daftari zake. Alitengeneza viboko wenye mabawa, askari wa chini ya ziwa wenye mapezi mgongoni, na zaidi ya wote watu wa nyota, ambao alisema wana mikono mitatu kwa sababu huko juu kazi ni nyingi. Mimi nilikuwa mkubwa wa rangi. Hakuna aliyepakwa bila idhini yangu.

Mliokulia Uvira miaka hiyo mnajua rangi tulizipata wapi. Nyeusi ni mkaa, nyeupe ni majivu, au chaki iliyotoka darasani bila kuaga. Bluu ilikuwa ile ya kufulia mashati ya shule, na nyekundu ilikuwa vumbi la tofali. Kijani tulikipata kwa kuponda sombe, majani ya muhogo, na kila mara tulishangaa upya kukuta baada ya siku mbili kwamba jeshi zima limekuwa la kahawia. Siku moja niliona jinsi mafuta ya mawese yanavyong'aa, nikawapaka watu saba wa nyota. Hawakukauka hata kidogo. Asubuhi tuliwakuta wamefunikwa na sisimizi kichwa hadi mguu, na Kiza akatangaza kwamba hiyo ndiyo vita yenyewe, na tumeshindwa.

Mama hakuwapenda, hasa wale wa majivu. Mchungaji akija kututembelea, mama aliwafunika kwa beseni na kulikalia. "Muntu akiona hivi," alisema, "atasema tunarogaka bantu."

Baba alikuwa fundi wa rangi Kalundu, bandarini. Kila boti ilikuwa na rangi zake, ili wanawake waliongoja samaki wajue inayokuja ni ya nani kabla haijafika. Ndiyo maana baba hakuwa na subira na mambo ya kupendeza. "Rangi haiko ya kupendeza," alituambia, "iko ya kutambulika. Tatu zinatosha. Ya kwanza mwili, ya pili ishike ile ya kwanza, ya tatu ikuwe kidogo, sawa chumvi." Na hakukubali kazi mpaka mtu aende mbali. Mmoja alibaki na boti, mwingine alitembea ufukweni mpaka boti ibaki ndogo kama kidole, kisha akageuka na kuita kile anachokiona. Ilikuwa marufuku kumfurahisha mwenzako. Kama rangi imemezwa na maji au na mlima, uliita "Sikuoni!" na brosi zilirudi kazini.

Nasi tulifanya vilevile. Nilimshika mtu wa nyota juu ya kichwa changu, Kiza akakimbia mpaka kwenye mlimao, mwisho wa kiwanja, akageuka. "Sikuoni!" Nilimchukia kwa neno hilo. Siku moja nililia, nikamtupia udongo, nikamwambia macho yake ni mabovu. Alirudi mbio, akajifuta uso, akasema nijaribu nyeupe mabegani. Nilijaribu, akaniona. Hakuwahi kunidanganya hata mara moja, na mimi sikujua kwamba hiyo ni mali.

Baba alifariki, mama akamfuata. Nchi ikachafuka, na Kiza akapanda boti palepale Kalundu, akaenda kambi ya wakimbizi ng'ambo ya ziwa, na kutoka kambini akapelekwa nchi ya baridi. Nilisimama nikaitazama boti ile mpaka rangi zake zikapotea. Nilibaki na kiwanja, mlimao, na cherehani yangu.

Mwaka huu msafiri mmoja aliniletea kifurushi kutoka kwake. Ndani mlikuwa na watu sita wa plastiki, kila mmoja urefu wa kidole gumba, wa kijivu watupu, wamevaa kofia za kuruka angani. Mikono miwili tu, nikasikitika kidogo. Kikaratasi kilisema: "Dada, weye ndiye chefu wa rangi. Uchague. Nikikuja tutacheza." Hiyo "nikikuja" naijua vizuri, sasa ina umri wa mwanafunzi wa sekondari.

Basi nikimaliza kushona, nakaa uani na kupaka. Nina rangi za kucha, na mabaki ya rangi ya boti niliyoomba bandarini. Mmoja nilimfuta kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha, uso wake ukayeyuka wote, maskini. Mama Neema, jirani yangu, alichungulia akaniuliza, "Mama, hawa unawaombeaka?" Nikamwambia nawavika tu. Watoto wake walicheka. Wao wanagusa simu kwa kidole na jeshi zima linageuka kijani, kijani kisichokauka wala kuwa kahawia. Wala hawahitaji mtu wa kwenda mbali.

Nitasema wazi: mimi na Kiza hatuna tena mazungumzo mengine. Nikimwuliza afya, anaandika "tuko sawa". Nikimwuliza kazi, "tuko sawa". Lakini nikimwuliza kama koti liwe bluu au jekundu, anajibu siku hiyohiyo. Kwa hiyo watano wamekamilika, na wa sita nimempaka na kumkwangua kwa wembe mara tatu. Akikamilika huyu, sijui nitamwuliza nini.

Wiki iliyopita nilimtumia picha zao. Wa kwanza: "Iko muzuri." Wa pili: "Iko muzuri." Nikatuma yule asiye na uso. "Iko muzuri."

Nilikaa na neno hilo siku nzima. Jioni nikamsimamisha wa sita juu ya ukuta, nikatembea mpaka kwenye mlimao, nikageuka. Koti nililompaka lilikuwa limemezwa na saruji. Nilisema kwa sauti, "Sikuoni," na hapakuwa na mtu wa kukasirika.

Zamani aliyekwenda mbali alikwenda ili akuone vizuri, na alikuwa na deni la kusema kweli. Siku hizi watu wetu wako mbali kuliko mlimao wowote, wana picha zetu mkononi mchana kutwa, na kila kitu iko muzuri. Hata mimi nimemjibu "tuko sawa" miaka yote hii, nikila peke yangu.

Nikachukua simu, nikamwandikia Kiza neno moja tu: "Sikuoni."

Aliandika, akaacha, akaandika tena. Mwishowe likaja: "Hata miye sikuoni, dada. Tangu siku mingi. Umushike juu."

Uani hapakuwa na mtu. Nilimshika yule wa sita juu hivyohivyo, mpaka mkono ukachoka.