Kigingi, Mshika Watoto wa Watu

Huyu ni Kigingi, mke wa marehemu kaka yangu. Ni binti wa seremala aliyechonga viti vya kanisa letu mpaka kidole chake kikabaki kwenye msumeno, na mjukuu wa mkunga aliyezalisha nusu ya mtaa, kisha akawachapa wote walipokuwa watundu. Jina la ubatizo analo, lakini ukilitaja hapa mtaani utaulizwa unamtafuta nani. Mimi ni wifi yake. Haya niliyaona kwa macho yangu, sikuhadithiwa.

Umoja wetu wa wanawake kanisani ulikuwa na kazi nyingi za kelele: kuimba, kuandaa sherehe, kugombania nani akae mbele. Kazi isiyo na kelele aliileta yeye. Alikuwa akimpeleka kaka yangu hospitali kusafishwa kidonda cha mguu, akawa anawaona kina mama wanaofika peke yao na mtoto mgongoni. Chumba cha kufunga vidonda mtoto haingii, wauguzi hawataki. Basi mama anabaki mlangoni, anapisha huyu, anapisha yule, mwisho anarudi nyumbani na bandeji ile ile inayonuka.

"Twende tukawashikie watoto," akatuambia mkutanoni.

"Halafu tuwahubirie?" aliuliza mwenyekiti wetu, mama mwenye duka la vitambaa, mtu wa mipango.

"Tuwashikie watoto."

"Hilo nimelisikia. Halafu?"

"Halafu tuwarudishie."

Tulicheka mpaka mchungaji akachungulia. Mwenyekiti hakucheka, ila alikubali kwa sharti moja: twende na sare, gauni la buluu na kilemba cheupe, watu wajue ni nani anayewatendea mema. Vitambaa, bila shaka, vilitoka dukani kwake.

Tukaanza. Benchi letu lilitazamana na mlango wa chumba cha vidonda, nasi tumejipanga juu yake, tunafanana kama mayai ya trei moja. Kina mama wakatuzoea. Walikuwa wakitutupia watoto hata kabla hatujasalimiana.

Siku ya balaa alikuja mama mmoja kijana, mkono umeungua na mafuta ya moto kuanzia kiwiko mpaka vidoleni. Alikuwa na mtoto wa kiume, mnene, ndiyo kwanza anaota meno. Kigingi akampokea, mama akaingia ndani. Mtoto naye hakuchelewa. Aliharisha mpaka uchafu ukavuja kwenye gauni la buluu. Kigingi akanyanyuka, akaenda naye bombani nyuma ya jengo. Ni jambo ambalo mzazi yeyote angelifanya. Huku nyuma mwenyekiti akafika, amechelewa, anahema, akajitupa palepale Kigingi alipotoka.

Mlango ukafunguliwa. Yule mama akamwendea mwenyekiti moja kwa moja.

"Nipe mwanangu."

"Mtoto gani?" mwenyekiti akasema.

Wahenga walisema umdhaniaye ndiye siye, lakini nani ana nafasi ya wahenga wakati mwanawe haonekani? Yule mama alipiga ukelele, hospitali nzima ikageuka. "Nimempa mwanangu sasa hivi, ananiuliza mtoto gani! Mwizi wa watoto!"

Mimi nilikuwa mwisho wa benchi na mapacha wa mtu mapajani. Nikapaza sauti, "Jamani, yuko bombani!" Nani anasikia? Mlinzi alishafunga geti. Mtu akamvuta mwenyekiti kilemba, mwingine akavua kiatu. Mzee mmoja akainua gongo lake. "Tena wamevaa kama watu wa Mungu! Ndio ujanja wa siku hizi!"

Hapo Kigingi akatokea kwenye kona ya jengo, kichwa wazi, mtoto msafi amevalishwa kilemba cheupe kama nepi. Angeweza kujibanza ukutani hadi wapoe. Alijipenyeza mpaka katikati yao, akamwinua mtoto juu.

"Huyu hapa. Mwacheni huyo mama, niliyepewa mtoto ni mimi."

Mama akamnyakua mwanawe kwa mkono mzima, na kwa ule wenye bandeji mpya akamzaba Kigingi kofi. Sijui nani aliumia zaidi.

Mkuu wa wauguzi alituita ofisini. "Nia yenu njema nimeiona," alisema, "na fujo yake nimeiona. Nisiwaone tena ndani ya geti." Mwenyekiti, kilemba mkononi, akaapa kwamba kuanzia siku hiyo atamtumikia Bwana kwenye kwaya tu.

Tulipokaribia nyumbani Kigingi akanigeukia.

"Wifi, yule mama anatakiwa kurudi kesho kutwa. Ule mkono ukikosa dawa utaoza. Nani atamshikia mtoto?"

"Si amekuzaba kofi huyo!"

"Amenizaba. Mtoto atashikwa na nani?"

Kesho kutwa yake tukaenda, mimi nikinung'unika njia nzima. Sare aliiacha ukutani. Alijifunga kilemba chake cha zamani, cha rangi ya machungwa na majani makubwa, ambacho hata kipofu angekiona, akaketi juu ya jiwe nje ya geti. Yule mama alipita bila kututazama. Baada ya muda akatoka tena, bandeji imeloa usaha, mtoto analia. Walikuwa wamemrudisha mlangoni na foleni inampita. Akasimama mbele yetu.

"Wewe ndiye yule wa juzi?"

"Ndiye."

"Nilikupiga."

"Lilikolea," Kigingi akasema, akashika shavu.

Yule mama aliuma mdomo, asicheke. "Nikikupa, utakaa wapi?"

"Utakaponiambia."

"Hapo hapo. Nikichungulia dirishani nikuone."

Kigingi akampokea mtoto. Jua likapanda, kivuli cha ukuta kikatuhama. Mtoto akakojoa, mkojo ukashuka mpaka viatuni.

"Nipe nikambadilishe," nikasema.

"Mguse uone."

Mlinzi akasogea, yule yule aliyetufungia geti. "Mama, njoo kivulini, utamkausha mtoto wa watu."

"Sisogei. Kilete hicho kivuli hapa."

Mlinzi akakuna kichwa, akaenda kibandani kwake, akarudi na mwavuli mkubwa. Alisimama akiwakinga jua, akilalamika kwamba hakuajiriwa kuwa mti. "Huyu si mtu," aliniambia, "huyu ni kigingi." Jina likaanzia hapo. Na kule dirishani uso ulichungulia, ukapotea, ukachungulia tena.

Mama alipotoka, bandeji ilikuwa nyeupe. Alimtazama mtoto aliyelala, akatazama gauni lililolowa, akajikuta ameketi chini pamoja nasi.

"Nyie mnalipwa na nani?"

"Hatulipwi."

"Sasa mnatafuta nini?"

Kigingi akampangusa mtoto udenda. "Mimi nilibebwa kwanza, mwanangu. Nilikuwa mzigo mzito, unaonuka kuliko hicho kidonda chako, na Yesu hakunitua. Ndiyo maana na mimi nabeba."

Sijawahi kumsikia akihubiri zaidi ya hapo, na matangazo ya kanisani kwetu ni marefu kuliko hayo.

Kumbe mkuu wa wauguzi naye alikuwa akichungulia. Alituruhusu kurudi, kwa masharti: mshika mtoto hasogei, na sare marufuku. Kila mmoja avae kilemba chake, mama ajue amemkabidhi nani mwanawe. Mwenyekiti alipopata habari akaja juu.

"Bila sare watu watajuaje ni kanisa letu?"

"Hawatajua," Kigingi akajibu. "Watauliza."

Mwenyekiti alinuna mwezi mzima. Kisha asubuhi moja tukamkuta ametutangulia kwenye benchi, na kilemba cha zambarau chenye kumetameta. Kilikuwa kabatini kwake siku zote hizo!

Yule mama mkono wake ulipona, ukabaki na kovu. Kanisani alikuja mwenyewe, Jumapili ambayo hakuna aliyemwita, akaketi nyuma. Mwanawe sasa anasoma.

Siku hizi kiuno cha Kigingi kimegoma. Juzi alimwita yule mama nyumbani. Alikuwa ameegemea mito, mimi namimina chai.

"Kesho benchi ni lako," akamwambia.

"Langu? Bibi, mimi hata kuomba kwa sauti siwezi."

"Nani kakwambia uombe kwa sauti? Utawaamsha watoto."

"Na mama akikataa kunipa?"

"Usimwombe mara mbili. Kaa mwisho wa benchi, aone unavyomshika wa mwenzake. Mkono wenye kovu usiufiche."

Mama akafikiri. "Na nikibanwa na haja?"

"Nenda kabla," Kigingi akasema, akakisukuma kikombe chake mbali. "Na asubuhi chai unywe nusu."