Rejeta ya Gari la Shemeji

Jamani, sijui nitamtazamaje tena shemeji yangu Elia. Rejeta ya gari lake la mbio ilipasuka siku moja kabla ya mashindano ya Kibondo, nami kwa kujifanya fundi nikakimbilia Kasulu kutafuta nyingine. Dukani niliiacha ile nzito ya shaba, nikachagua nyembamba inayong'aa.

"Gari la mbio linataka wepesi," nilimwambia muuzaji kwa madaha.

Niliporudi asubuhi, magari mengine yalishapanga mstari, yananguruma. Elia alishika ndoo ya maji.

"Shemeji, maji namimina wapi?"

Nikaigeuza, nikaipindua. Haikuwa na mdomo wala mfuniko. Fundi wa wapinzani akachungulia, kisha akapaza sauti uwanja mzima usikie:

"Bwana, hicho ni cha kiyoyozi, cha kupoza abiria, siyo injini!"