Figa Lisiloambiwa Njia

Mpanda ya mwaka sabini na sita ilikuwa mji wa kuufikia umechoka. Reli inaishia palepale. Ukishuka, mbele yako ni pori tu. Karibu na stesheni palikuwa na nyumba ya wageni, na jikoni mwake alikuwemo Josefina, ambaye watu wote walimwita Mama Romana. Rozari shingoni, sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na ulimi wa kukugombeza huku mkono unakuongezea mchuzi.

Kumbe kazi ile hakuifuata kwa ajili ya mshahara. Alimfuata mumewe, na mumewe alikuwa marehemu.

Nisikilize vizuri hapa. Zamani walikaa karibu na Ziwa Katavi, wakilima mpunga na mahindi, na Ponsian alipofariki walimzika nyuma ya nyumba. Kisha likaja lori la kuhamisha watu kwenda vijiji vipya. Pandeni, nyie, pandeni upesi! Sasa, kwa akina Josefina kuna desturi. Ukihama, huwaachi wafu wako kama vyungu vilivyopasuka. Unang'oa figa moja katika mafiga yako matatu, unalipeleka kaburini, unamwambia mtu wako, "Tunahamia mahali fulani, njoo." Figa ni la kumshika mkono, lakini jina la mahali ndiyo njia yenyewe.

Josefina aling'oa figa, akakimbia nalo kaburini. "Ponsian, tunahama. Njoo, twende..." Akakwama. Twende wapi? Hakuna aliyekuwa amewaambia. Alimuuliza dereva, dereva akapiga honi. Basi akapanda na jiwe lake mapajani, na jina la Mwamkulu alilisikia siku aliyoteremshwa Mwamkulu.

Haukupita muda habari zikaanza kuja. "Mama Romana, bwana wako alipita kwetu Kakese jioni. Alipiga hodi, akakohoa." Kikohozi cha Ponsian nani asiyekijua? Kimoja kikubwa, kisha kimoja kidogo, kama mtu anayeomba radhi. Ukitoka nje, hapana mtu. Mara kasikika hapa, mara kasikika kule. Mwisho akasikika pale stesheni, ndipo Josefina alipokwenda kuomba kazi ya jikoni. Mwamkulu peke yake ndiko hakuwahi kufika.

"Aibu gani hii!" alikuwa akisema, akifikicha macho akisingizia moshi. "Mume wangu anabisha hodi kwa watu kama mlevi." Na alijilaumu, maana yeye ndiye aliyemwambia njoo bila kumtajia mahali.

Kiangazi hicho wakaja wageni kutoka Tabora, Mwalimu Gelasius na mkewe Goreth, wako likizo, wanataka kutembea. Wakaonyeshwa mashimo ya machimbo ya zamani, Mwalimu akapiga picha. Kisha wakakodi Land Rover kwenda mbugani Katavi, wakatafuta mpishi.

"Naenda mimi," alisema Josefina kabla hawajamaliza kuuliza. Kapuni, chini ya sufuria, akaweka figa lake limeviringishwa kwenye khanga.

Wageni waliona mengi. Waliona viboko wamejazana kwenye tope la mto Katuma wakisukumana. Waliona mkwaju wa Katabi karibu na ziwa, ambapo watu huacha vitu vidogo kwa ajili ya huyo Katabi, roho anayekaa mle. Mwalimu alicheka kidogo. Josefina alifanya ishara ya msalaba, halafu akaacha pia tumbaku kiasi, pande zote mbili zisikasirike.

Mbele kidogo akamgusa bega askari wa wanyama aliyewaongoza, Maximilian. "Baba, simamisha gari. Pale ndipo kwangu."

"Mama, hapa hapashukiwi. Hao simba hawana habari kwamba wewe ulikuwa mwenyeji."

"Mume wangu yuko pale."

"Anafanya nini?"

"Amelala. Tangu zamani."

Goreth ndiye aliyefungua mlango. Maximilian akachukua bunduki, akawafuata wanawake wale wawili huku akinung'unika.

Kuta zilikuwa zimerudi kuwa udongo. Mafiga mawili yalikuwa bado pale, na nyasi katikati. Palikuwa na kimya cha kutisha, hata ndege hawakulia, na Josefina alihisi anatazamwa na watu wengi. Akaliweka jiwe lake juu ya kaburi. Kwa kuwa hakujua mumewe yuko umbali gani, alipaza sauti yake yote.

"Ponsian! Ni Mwamkulu! Sikia vizuri leo, maana hukuwa msikivu. Fuata barabara hii, vuka Katuma pale Sitalike, usisimame kushangaa viboko. Kabla hujaingia Mpanda mjini uliza Mwamkulu. Mjini usiingie, nakujua na vilabu vyako. Nyumba yangu ina mlango wa bati, karibu na kisima. Usibishe kwa watu tena. Njoo kwangu! Nisamehe, sikujua tunakwenda wapi."

Akalia kwa sauti. Goreth akamkumbatia, naye akilia bila kujua sababu. Josefina akalibeba figa lake. Nyuma yao nyasi zilianza kulala, hapa na pale, na upepo haukuwepo.

"Twende, Mama," alisema Maximilian, jasho likimtoka. "Usigeuke."

Njia nzima gari lilienda likilalamika kwenye tambarare kama linapanda mlima. "Mbona zito hivi?" aliuliza Mwalimu Gelasius. Josefina akalikumbatia figa lake.

Jioni ya pili, nyumbani kwake Mwamkulu, Josefina alilirudisha figa mahali pake, akabandika maji ya ugali.

"Hodi."

Kikohozi kikubwa, kisha kidogo. Mwiko ukamponyoka. "Karibu, Ponsian," alisema, na machozi yakamtoka kwa furaha.

"Hodi," ikaja sauti nyingine, ya bibi kizee. "Hodi," ya mwanamume. "Hodi," ya mtoto. Nje kulijaa hodi. Mama yangu! Ndipo alipoelewa. Siku ile ya lori hakuna aliyejua jina la mahali, kwa hiyo hakuna mfu yeyote aliyeambiwa. Wote walikuwa pale wakingoja, na aliyerudi kuwaelekeza njia ni yeye peke yake.

Aliufungua mlango wote. "Karibuni. Ingieni nyie wote." Akaongeza maji sufuriani.

Asubuhi alianza na nyumba ya jirani yake Marta, ambaye mwanawe Verdiana alikufa kwa surua kulekule ziwani.

"Mama Romana, kuna nini mapema hivi?"

"Verdiana wako kalala kwangu. Chukua figa lako, uje umchukue."

Marta alikaa chini kizingitini.

"Mimi sikubeba figa," alisema. "Nilibeba kuku."

Josefina akakaa kando yake.

"Basi jioni uwe unakuja kupikia kwangu," alisema.