Mkono Ulio Karibu na Bastola

Majira yote ya baridi mdogo wangu alikuwa mlinzi mzuri. Si mimi niliyempa jina hilo. Walimwita hivyo wateja wa maduka ya pale Berea, mtaa wa hapa Durban, alikopangiwa kusimama mlangoni na bastola kiunoni. Mama mmoja mzee wa Kizungu, mwenye kikapu cha magurudumu, alikuwa akimletea kipande cha keki ya ndizi kila Jumanne, kimefungwa kwenye karatasi. Bastola ilikuwa pale pale, nje, nyeusi, kila mtu anaiona, wala haikumzuia yeyote kumtakia asubuhi njema. Majambazi walikuwa wameshaingia mara mbili katika supamaketi ya jengo lile kabla yeye hajaletwa, kwa hiyo watu waliitazama bastola yake kama wanavyotazama kufuli jipya.

Kisha joto likarudi. Kampuni ikagawa mashati ya mikono mifupi, mdogo wangu akaivua jezi yake ya baridi, ya mikono mirefu na kola ndefu, na glavu zake. Jioni ya siku hiyo alikuja saluni kwangu Glenwood, akajilaza kwenye kiti cha kuoshea nywele. Nilimuuliza kama anaumwa.

"Yaya," akasema, ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa, "ule mama wa keki ameuliza meneja: ule mlinzi muzuri mulimupeleka wapi? Na mimi niko mbele yake. Niko pale pale."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwanza, ndipo nikaona uso wake.

Inabidi niseme alivyo. Tulitoka Bukavu yeye akiwa mdogo, akakulia hapa Durban. Alipofika miaka kumi na tisa, rafiki yake wa shule alitengeneza mashine ya tatuu kwa mota ya redio mbovu, na mdogo wangu akampa mkono wa kulia afanyie majaribio. Kutoka kifundo hadi kwenye kiwiko aliandikisha majina ya watu wetu waliokufa: baba, na ndugu zetu watatu. Chini ya sikio, shingoni, jina la mama. Nyuma ya kiganja, msalaba. Herufi zilitoka zimepinda, za bluu iliyofifia, na katika mji huu anayeona herufi za bluu zilizopinda juu ya mkono wa mwanamume haulizi zimeandikwa nini. Anajua, au anadhani anajua, kwamba zimetoka jela.

Nami sikuwa bora. Alipochorwa, wiki nzima sikumsemesha. Nilipofungua mdomo nilimwambia amejigeuza ukuta wa choo cha stendi. Akanijibu kwamba watu wengine wana makaburi ya kutembelea. Nikazidi kukasirika, ndivyo nilivyoumbwa.

Jela hajawahi kulala hata siku moja. Ili apewe kazi ya silaha walimchukua alama za vidole, wakamchunguza, wakamfundisha na kumpima shabaha mpaka wakaridhika. Kabla ya hapo alilinda magari ya watu mtaani kwa miaka kumi na moja, kwenye jua na mvua, na watu walimpita kama nguzo ya umeme. Alichokipenda pale mlangoni hakikuwa bastola, wala mshahara haukuwa mkubwa hivyo. Alipenda kusalimiwa. Alikuwa akinisimulia jioni nani amemsalimia, kwa lugha gani, na mtoto wa nani amempungia mkono.

Jumamosi iliyofuata nilimwachia mwenzangu wateja, nikaenda kukaa kwenye benchi mkabala na mlango ule, nione mwenyewe. Walinzi walikuwa wawili. Mwenzake, kijana wa Kizulu mwenye mikono safi kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa, alikuwa na bastola ya aina ile ile, na alikuwa na tabia ya kuigongagonga kwa vidole huku akipiga mluzi. Hakuna aliyejali. Watu walimpita wakimsalimia. Mdogo wangu alisimama ameshikanisha mikono tumboni kama mtu aliye kanisani, mbali na silaha, na watu waliingia kwa upande wa pili. Niliyafuata macho yao. Yalianzia kwenye msalaba, yakaenda kwenye bastola, yakarudi kwenye msalaba. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake kwa nguvu mpaka kiatu kikamvuka. Mwanamume mmoja alitoa pochi mfuko wa nyuma akaiweka wa mbele.

Nilipigwa na butwaa. Ni mlango ule ule, mtu yule yule, bastola ile ile waliyokuwa wakiibariki mwezi wa saba. Kilichoongezeka ni majina ya marehemu wetu tu.

Wiki haikuisha, meneja wa kampuni akamwita. Alimwambia kwa upole kwamba wateja wanalalamika, kwamba yeye binafsi hana neno, lakini wenye maduka ndio wanaolipa. Akampa mpaka mwisho wa mwezi. Malalamiko yasipoisha, atapelekwa Jacobs, kwenye viwanda, akalinde uwanja wa malori. Mdogo wangu alinieleza habari hizo kama mtu aliyehukumiwa kuhamishwa nchi. Jacobs kuna kuta na moshi, nani atamsalimia huko?

Wazo la vipodozi nililitoa mimi. Naandika hivyo ili lisije kumwangukia mtu mwingine.

Kazi yangu ni kupamba maharusi. Wakongo wote wa Glenwood na Berea wanaoozesha binti zao wananijua, na nimeficha mengi katika nyuso za watu: makovu, chunusi, jicho lililopigwa. Mara moja nilifuta kabisa kipepeo kwenye bega la bibi harusi kwa sababu mama mkwe alikuwa mzee wa kanisa. Bluu haifunikwi na kahawia peke yake. Unatangulia na rangi ya chungwa, unaipigapiga kwa sponji, unaacha ikauke, ndipo unaweka rangi ya ngozi, halafu poda, halafu dawa ya kupulizia ili ishike. Bibi harusi wangu anaweza kulia akiagwa, akacheza mpaka viatu vikamshinda, na nisione hata doa kwenye shela. Nilijivunia hilo. Sikufikiri kwamba bibi harusi habebi kitu.

Basi kila asubuhi, saa kumi na mbili, alikuja kukaa kwenye kiti changu na shingo wazi, bastola bado iko ofisini kwao, na mimi nikampaka. Siku ya kwanza nilipomaliza alijitazama kwenye kioo muda mrefu.

"Yaya," akasema, "kila asubuhi tunawafunika tena."

Nilimwambia anyamaze, asitikise shingo, rangi haijakauka.

Na ilifanya kazi, hilo ndilo lililoniudhi na kunifurahisha kwa pamoja. Ndani ya siku mbili salamu zilirudi. Mama wa keki alimwambia amefurahi kumwona ametoka likizo, akamuuliza kama alikwenda mbali. Mdogo wangu alijibu kwamba hapana, si mbali. Keki ya Jumanne ile alikuja nayo saluni akaniwekea mezani, hakuionja. Mimi nilikuwa nikichekelea, najiona fundi. Mama yetu alikuwa na msemo wake, mficha uchi hazai, na kama angekuwepo angenitupia usoni.

Ilikuwa Alhamisi, siku ambayo saluni hulala, na mimi hutumia nafasi hiyo kumpelekea chakula. Nilikuwa nimepika bugali na sombe, ugali na kisamvu cha kwetu. Mvua ilikuwa imenyesha ile ya ghafla ya Durban, jua juu, maji chini, na joto linalopanda kutoka kwenye lami. Niliposhuka kwenye taxi karibu na roboti, taa za barabarani, nikaona watu wamejazana mlangoni, na gari la walinzi wa dharura wa kampuni nyingine limepandishwa juu ya njia ya miguu, milango wazi.

Yaliyotangulia niliambiwa baadaye. Mama wa keki aliteleza kwenye ngazi iliyolowa. Mdogo wangu, badala ya kuita mtu, alifanya kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa vizuri angefanya: alipiga magoti, akampitishia mikono yote miwili mgongoni, akamnyanyua kama unavyomnyanyua mama yako. Mikono ilikuwa na jasho na mvua. Sweta ya mama yule ilikuwa nyeupe. Alipomsimamisha, sweta ilikuwa na mkanda wa kahawia na chungwa mgongoni, na mkono uliomshika ulikuwa unabadilika mbele ya macho yake, herufi za bluu zikitoka chini ya ngozi iliyokuwa inamenyeka. Mama yule akapiga kelele. Mtu akasema huyu si mlinzi, amejipaka kuficha alama za genge, amevaa sare ya watu. Mtu mwingine akabonyeza kitufe cha dharura. Mwenzake wa mikono safi alikuwa amekwenda kununua mkate.

Tatuu peke yake ilimfanya mtu wa kuogopwa. Tatuu iliyofichwa ilimfanya jambazi. Rangi yangu ndiyo iliyokuwa ushahidi.

Nilipenya mpaka mbele. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye maji, mikono nyuma ya kichwa, na mlinzi wa dharura amemwekea goti mgongoni na bunduki kwenye kisogo. Bastola yake ilikuwa imesukumwa mbali kwa mguu. Shingo upande mmoja ilikuwa bado safi, kazi yangu nzuri ya asubuhi, na upande mwingine jina la mama lilikuwa limetoka nusu, na tope la rangi likimtiririka masikioni. Hakuwa akijitetea. Mama wa keki alikaa kwenye ngazi ameshika kiatu chake mkononi.

Mlinzi wa dharura aliniona nimesimama mbele kuliko wengine na bakuli langu. Akaniuliza kwa Kiingereza, "Mama, unamjua mtu huyu?"

Sikujibu.

Nimejaribu kulieleza hili kwa namna nyingi zinazonipendelea. Kwamba niliiogopa bunduki. Kwamba mkimbizi akiona sare ulimi huganda, na hilo ni kweli. Lakini ukweli mwenyewe ni mwingine. Nilimtazama mtu yule pale chini, mkono wenye msalaba, uso uliochafuka, silaha iliyolala pembeni, na kwa muda ule nilimwona kama wao walivyomwona. Moyo wangu uliruka nyuma. Mimi, niliyembeba mgongoni njiani tukitoka nyumbani, ninayeyajua majina yale kwa sababu ni ya nyumbani kwetu, nilimwogopa. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Mimi ndiye niliyekuwa ndani ya nguo yake.

Aligeuza kichwa kidogo, shavu kwenye maji, akaniona. Akaniangalia nisivyojibu.

Kisha mwenzake akaja mbio na mkate kwapani, akipayuka kwa Kizulu kwamba huyo ni wetu, mwacheni, mna wazimu? Akatoa kitambulisho, simu zikapigwa, goti likaondoka. Labda yote hayakupita dakika tano. Watu walitawanyika wakitazama saa zao. Nilimfuta uso kwa khanga niliyofungia bakuli, naye alikubali kufutwa, akanishukuru kwa chakula. Alinishukuru. Afadhali angenitukana.

Jumatatu walimhamishia Jacobs. Meneja alisema ni kwa usalama wake mwenyewe. Siku chache baadaye kijana wa mikono safi alipita saluni na keki nzima ya ndizi kutoka kwa mama yule, na kadi yenye maneno matatu ya kuomba radhi. Mdogo wangu alikataa hata kuitazama. Keki ile niliila mimi, peke yangu, kwa hasira, na ilikuwa tamu.

Asubuhi hakuja tena kwenye kiti. Tulipoonana kanisani aliniuliza habari za wateja, mgongo wangu, bei ya nywele. Lile jambo hakuligusa, nami sikuligusa, likakaa kati yetu kwenye benchi kama mtu wa tatu. Nilingoja aniulize. Nilikuwa nimeshapanga majibu.

Mwezi ulipopita nilipika tena bugali na sombe nikapanda taxi mbili mpaka Jacobs. Ni kama alivyosema: ukuta mrefu, geti la chuma, harufu ya mpira unaoungua, malori yanayoingia na kutoka na madereva wasiogeuza shingo. Alikuwa amesimama ndani ya geti na shati lake la mikono mifupi, majina yote nje, bastola nje, na hakukuwa na mtu wa kumwogopa wala wa kumpenda. Kwenye dirisha dogo alikaa karani mzee na daftari la wageni. Alinyanyua kichwa na kuninyooshea kalamu nijiandikishe.

Kabla hajafungua mdomo, nilisema. Nilisema kwa sauti iliyowafanya madereva wageuke, kwa Kiingereza changu kibovu, kwamba namjua mtu huyu. Kwamba ni mdogo wangu, tumbo moja, baba mmoja. Kwamba yale kwenye mkono wake ni baba yetu na ndugu zetu, na shingoni ni mama. Karani alibaki na kalamu hewani. Bakuli lilikuwa linanichoma viganja.

Mdogo wangu alikuja taratibu, akalipokea bakuli kwa mikono miwili.

"Yaya," akasema, kwa sauti ya chini, "leo hakuna mwenye amekuuliza."